Aiskrimu ya ndizi inatoka na barafu

SWALI: Natengeneza aiskrimu ya ndizi mbivu bila sukari, kwa blenda ya kawaida. Inanasa, na kesho yake imekuwa jiwe lenye chenga za barafu. Ninunue mashine?

JIBU: Usinunue kwanza. Kata ndizi 4 vipande vya sentimita 2, vitandaze kwenye sinia visigusane, kisha vigandishe usiku mzima. Ukivirundika mfukoni vitashikana bonge moja, na hilo ndilo linalokwamisha visu.

Vitoe, subiri dakika 5, weka nusu tu kwenye jagi pamoja na vijiko 3 vya tui zito. Washa kwa sekunde chache, zima, sukumia chini kwa mwiko wa mpira, rudia. Visu vikizunguka bure, ongeza kijiko kimoja cha tui, si kikombe. Mota ikianza kunuka, ipumzishe.

Chenga hutokana na maji kuganda polepole. Bakuli la plastiki lenye kina ndilo adui. Tumia chombo cha chuma cha pua, kipana, kina cha sentimita 5 hivi. Sufuria ya alumini haifai ukitia ukwaju au pasheni, kwa sababu ya uchachu. Lazia karatasi ya plastiki juu ya aiskrimu yenyewe, ndipo ufunike. Bila sukari itakuwa ngumu tu, kwa hiyo itoe dakika 10 hadi 15 kabla ya kula.

Kuchotea, kijiko cha chuma kilichochovywa maji moto na kukung'utwa kinatosha. Vibakuli viwe vimekaa kwenye friji.