Ukisikia "hati imetoka", anzia masjala

"Mkubwa, mdogo wako hati yake ya kukamatwa imetoka. Jioni tunamfuata. Tuma laki mbili tuizime."

Simu ile ilinikuta Mwaloni Kirumba, magunia ya dagaa yanapakiwa kwenye Fuso. Mdogo wangu alikuwa Ukara akiuguza mtoto. Mimi ndiye niliyemdhamini mahakamani katika kesi ya fedha za mzigo, bondi ya milioni mbili nimeisaini kwa mkono wangu. Miguu iliniisha nguvu.

Sikutuma hela, lakini usiku kucha nilikesha mtandaoni na simu nikitafuta jina la mdogo wangu. Zikaja tovuti za Marekani. Kule kaunti nyingi huweka orodha ya hati za kukamata hadharani, unatafuta kwa jina. Zipo pia za biashara, zinataka kadi ya benki kabla hujaonyeshwa kitu. Zote hizo hazijui lolote kuhusu kesi ya Mwanza. Nikaingia Interpol. Notisi nyekundu zinazoonekana pale ni baadhi tu, tena notisi si hati ya kukamata: ni ombi kwa polisi wa nchi wanachama wamtafute mtu na kumshikilia wakati taratibu za kumrejesha zinafuatwa. TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, nako nikakuta hukumu na maamuzi, na jina la mdogo wangu likatokea mara tatu. Watu watatu, hakuna aliyekuwa yeye.

Usukumani hapa, akina Mabula Masanja kama yeye ni wangapi? Ndiyo maana inaniuma kuona picha ya mtu ikizungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp na neno ANATAFUTWA, bila namba ya kesi wala jina la kituo. Tafadhali usiisambaze. Huyo ana mama, ana wateja.

Asubuhi nikaenda masjala ya mahakama ile ile iliyompa dhamana. Karani hata jina hakuniuliza.

"Kesi namba ngapi?"

Nikampa nakala ya bondi. Akavuta jalada la kaki, akapitisha kidole hadi mwenendo wa tarehe ya mwisho: mshtakiwa hayupo, mdhamini hayupo, hati ya kukamatwa itolewe. Hati ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa kwenye laki mbili.

Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, hati ya kukamata husainiwa na hakimu au jaji, inataja kosa na inamtaja anayetakiwa. Inabaki hai mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute. Hakuna afande wa kuizima kwa simu. Anayekuja kukukamata kwa hati anapaswa kukueleza imeandikwa nini, na ukiomba kuiona akuonyeshe. Ila usimbishie kwa kuwa hana karatasi. Makosa mengi polisi wanaruhusiwa kukamata bila hati. Na malipo halali ya Serikali huja na namba ya kumbukumbu ya malipo, hayaendi kwenye laini ya mtu.

Kama huna namba ya kesi, tafuta samansi ya zamani, au RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, kama jambo bado liko polisi, au muulize mdhamini mwenzako. Kama unaogopa kwenda mwenyewe, mtume ndugu au wakili. Mimi nilikwenda peke yangu, na nisingekushauri hivyo: mdhamini naye ana la kujibu.

Nilimpigia mdogo wangu palepale nje ya masjala. "Kaka, nikija si watanifunga?" Nikamwambia aje kabla hajafuatwa, na asiache karatasi hata moja. Alishuka kwenye kivuko na daftari la kliniki la mtoto pamoja na tiketi, vyote kwenye mfuko wa nailoni visilowe. Hakimu alilifungua daftari ukurasa kwa ukurasa, akalinganisha tarehe, akaifuta hati na kuiacha dhamana iendelee. Kisha akanigeukia mimi, akauliza siku ile nilikuwa wapi.

Nilikuwa Mwaloni, napakia dagaa. Tarehe sikuwa nimeiandika popote.