Joho na mtihani ndani ya wiki moja

Muhula wa tatu ukielekea ukingoni, mwezi wa Oktoba, kina mama wa Mombasa tunajuana kwa macho. Huyu amebeba joho dogo lililokunjwa ndani ya leso, yule anapiga simu kuuliza kama kofia za graduesheni ya PP2, darasa la mwisho la chekechea, zimefika. Kwangu Likoni mwaka 2025 mambo yalinikuta yote pamoja. Kitinda mimba alikuwa anamaliza PP2, wa kati anajiandaa kwa KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6 wa kumaliza shule ya msingi, na kifungua mimba yuko kwenye kundi la kwanza kabisa kufanya KJSEA, ule wa Gredi ya 9 wa kumaliza sekondari ya chini. Graduesheni ya mdogo, dua ya watahiniwa na siku ya wazazi ya madrasa zikabanana wiki moja. Wenzangu wa chama wameniuliza tulivukaje, nami naona heri niandike.

Anza na mtahiniwa, usianze na mwenye joho. Sherehe ya PP2 hata usipoishughulikia itakwenda tu: walimu wapo, maturubai yapo, na spika zimeanza kunguruma tangu alfajiri. Asiye na wa kumtetea ni yule anayetaka kulala saa tatu usiku huku sebuleni mashangazi wanajaribishana madira na kucheka. Tulikata shauri mapema na mume wangu: wageni wa kulala wote waende kwa mama mkubwa Mtongwe, na baada ya swala ya Isha televisheni kwetu inazimwa. Kuna walionuna. Mtihani haungoji mtu amalize kununa.

Na msimsahau wa Gredi ya 6. Wengi wanadhani hana lake, kwa sababu hana joho na mwakani ataingia Gredi ya 7, mara nyingi kwenye uwanja uleule wa shule. Lakini KPSEA yake inachangia asilimia 20 ya alama za kumpangia shule ya Gredi ya 10. Asilimia 20 nyingine hutoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 ni za KJSEA. Mwanangu huyu wa kati ni msichana asiyesema sana, na mtoto wa namna hiyo akinyamaza watu husema ametulia. Sikumnunulia zawadi ya kumpoza. Nilimkabidhi simu yangu nikamwambia yeye ndiye mpiga picha wa familia. Mimi ningepiga watoto wamejipanga mstari, basi. Yeye alimnasa mwalimu akitafuna bhajia nyuma ya turubai, na mdogo wake akijikuna shingo kwa lile joho. Picha zilizosambazwa kwa ndugu zote ni zake, na kila aliyezisifu nilimpa simu amwambie mwenyewe.

Joho kodisha, usinunue. Atalivaa asubuhi moja, na mwaka ujao halimwingii. Lijaribuni nyumbani kabla ya siku yenyewe, maana saizi za watoto hawa ni bahati nasibu. Kitambaa chake hakipitishi hewa, na Oktoba upepo wa kusi umeshalegea, kwa hiyo ndani avae fulana nyepesi ya pamba na si shati la tai. Mpeleke msalani kabla hujamvalisha; jambo hili dogo litakuokoa aibu kubwa. Kama binti anavaa mtandio, kofia ibanwe kwa pini kwenye mtandio wenyewe, la sivyo utaiokota chini tangu wimbo wa taifa mpaka kukata keki. Nguo pigeni pasi usiku wake, stima ya alfajiri haina ahadi. Maji nayo jazeni madumu mapema, sina haja ya kuwaeleza watu wa Mombasa habari ya mifereji.

Kuhusu koja, yale ya karatasi za kumetameta huuzwa langoni mwa shule kwa bei ya mtu aliyechelewa. Mimi nashauri asumini. Matumba yachumwe alasiri, yakiwa bado yamefumba. Ukingoja yafunuke, kesho yatakuwa yamenyauka. Mama mkwe wangu hutunga kwa uzi wa pamba na sindano nyembamba, akiipitisha kwenye kikonyo ili ua lisichanike. Akimaliza huliviringa koja ndani ya kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kisha huliweka kwenye friji, chini kabisa, mbali na samaki. Asubuhi yake maua yamefunuka na harufu inashinda hata jasho la joho. Gharama yake ni uzi tu, kama jirani ana mti na mnasikizana.

Madrasa yetu iko ng'ambo, Mji wa Kale. Feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini anayevuka asubuhi na mtoto aliyevaa kanzu nyeupe anatafuta kilio. Kanzu naiweka kwenye mkoba, mtoto anavuka na fulana yake ya nyumbani, na anavalishwa akishafika. Mvua ya vuli nayo ikiamua kushuka mko katikati ya umati, mtanishukuru.

Kadi ikisema saa mbili, mgeni rasmi mtarajie saa nne. Kwa hivyo mtoto ale nyumbani, mahamri na mbaazi, ashibe. Soda asubuhi na mapema usimpe, maji yanamtosha. Sherehe ikiangukia Ijumaa, jueni saa sita wanaume wameshatawanyika kuelekea msikitini, basi baba apigwe picha na mwanawe mwanzoni. Noti za 50 na 100 za kutunzia zitafuteni mapema kwa wauza mboga. Mtoto akipanda jukwaani hutapata mtu wa kukuvunjia elfu moja.

Sasa pilau. Hapa ndipo tulipovutana na wifi yangu, ambaye alitaka kila mtoto apikiwe siku yake, na watu waalikwe kila siku hiyo. Kwa hesabu yake ningeshinda jikoni wiki nzima, na yule wa Gredi ya 9 angekuwa anasoma huku akipokea masufuria kwa majirani. Nilikataa kwa adabu. Sufuria moja, watoto wote watatu, na siku yake ni baada ya karatasi ya mwisho ya KJSEA. Tulikula kwa masinia, barazani, na kachumbari na juisi ya ukwaju. Keki sikununua, mkate wa sinia wenye iliki ya kutosha ulikwisha kabla pilau haijapakuliwa. Mkubwa alilala mpaka adhuhuri siku hiyo na hakuna aliyemgusa.

Wifi yangu mpaka leo anashikilia kwamba pilau ya graduesheni hailiwi joho likisharudishwa kwa mwenyewe. Lakini alikuja, na ukoko alifungiwa akaenda nao.