Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Baiolojia ya Binadamu

Binti yangu amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na amepata nafasi Marekani kusomea baiolojia ya binadamu. Je, atarudi akiwa daktari? – Mama, Mwanza

Hapana, mama, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kukata tiketi. Hiyo ni shahada ya kwanza ya sayansi, miaka minne. Haimpi leseni ya kutibu mtu, si kule wala hapa. Kule udaktari huanza baada ya shahada hiyo: miaka minne ya chuo cha tiba, kisha isiyopungua mitatu ya mafunzo hospitalini. Na vyuo vingi vya tiba vya Marekani havipokei mwanafunzi asiye raia au mkazi wa kudumu. Baadhi ya vile vinavyopokea hudai kwanza uthibitisho wa ada ya miaka yote minne.

Hapa nyumbani mwenye PCB na ufaulu unaotosha huingia MD, yaani shahada ya udaktari, moja kwa moja: miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa utarajali. Akiwa na ndoto ya kuhudumu wodini Tanzania, abaki. Akipenda utafiti, jenetiki au afya ya jamii, basi aende. Atapata msingi imara.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa kwanza wa shahada hiyo hiyo, ukazi wa kudumu ninao. Nataka kuingia tiba baadaye. Nichague masomo gani?

Usitegemee jina la shahada. Vyuo vya tiba hukagua somo mojamoja. Vingi hutaka mwaka mzima wa baiolojia, wa kemia ya jumla, wa kemia ogania na wa fizikia, yote pamoja na maabara, tena vingi siku hizi huongeza bayokemia. Kasoro iko hapa: programu nyingine za baiolojia ya binadamu humruhusu mwanafunzi kuhitimu bila muhula wa pili wa fizikia au bila maabara ya ogania. Wengine hugundua hilo mwaka wa nne, muda umekwisha. Nenda kwa mshauri wako wa masomo muhula huu, ukiwa na orodha ya masharti ya vyuo vitatu unavyovitaka.

Kemia ya jumla iwe mwaka wa kwanza, ogania wa pili, bayokemia wa tatu. Ukiruka moja, inayofuata haitaeleweka. Ongeza takwimu. Chukua pia saikolojia na sosholojia, kwa sababu ni sehemu nzima kati ya sehemu nne za mtihani wa MCAT wa kuombea nafasi vyuo vya tiba, ambao ukihesabu na mapumziko huchukua kama saa saba na nusu.

Fiziolojia imenipa sapu, mtihani wa marudio. Madesa nimeyakariri yote. Nakosea wapi? – Mwanafunzi, Morogoro

Hapo hapo kwenye kukariri, mdogo wangu. Anatomia unaweza kuikremu ukapona. Fiziolojia huuliza: hiki kikipungua, kipi kitabadilika? Kwa hiyo soma kwa kalamu na hesabu.

Chukua moyo. Mapigo 70 kwa dakika, kila pigo likitoa mililita 70, ni mililita 4,900, karibu lita 5. Sasa mtu avuje damu, pigo lishuke hadi mililita 45. Ili moyo utoe kiasi kilekile, mapigo yanapaswa kufika karibu 109. Ndiyo maana kwa mgonjwa anayevuja damu mapigo huweza kwenda mbio wakati presha bado inaonekana ya kawaida. Ukishaikokotoa mwenyewe, huisahau.

Figo nazo: huchuja kama mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku, lakini mkojo ni lita moja hadi mbili. Zilizobaki zimerudi kwenye damu. Chora mrija mzima wa nefroni, kichujio kidogo cha figo, kwenye karatasi tupu, uandike kila kipande kinarudisha nini na homoni gani inakiamuru. Kisha ifute ADH, homoni inayoamuru maji yarudi kwenye damu, useme mkojo utakuwaje. Ukikwama, hapo ndipo pa kufungulia kitabu.

Kwenye hadubini, lenzi ya 40 huonyesha ukungu kila nikitoka kwenye ya 100.

Ni mafuta. Lenzi ya 100 hutumia tone la mafuta, ile ya 40 ni kavu, nawe unaiburuza juu ya tone hilo. Maliza kwanza kutazama kwa 4, 10 na 40, mafuta yaje mwisho. Iliyochafuka ifute kwa karatasi ya lenzi, kamwe si kwa shati wala tishu, maana hukwaruza kioo.