Meza ya Msafiri: "Waliniletea bia ambazo sijaagiza, hapo niliibiwa?"

Wiki mbili nyuma niliwauliza ni sehemu gani ya kula au kunywa nje ya nchi ambayo mpaka leo hujaisahau. Nikategemea sifa, kumbe wengi mna malalamiko. Nimechagua machache na nimeyafupisha, maana kuna mmoja kaniandikia kurasa nne kuhusu mkate (nimempa nafasi yake huko chini, asinune).

*Kaka habari za kazi. Mimi mtu wa Sinza, mwaka jana ofisi ilinipeleka Cologne kule Ujerumani kozi ya wiki mbili. Jioni ya kwanza nkaingia baa moja ya zamani nkaagiza bia moja, ikaja kwenye kigilasi utadhani cha dawa ya kikohozi, nkamaliza fasta, kabla sijainua mkono jamaa kaniwekea ingine, nkanywa, kaweka ingine, na sijaagiza! Nkaona aibu kukataa nkajua labda kuna mtu kanitumia ofa. Mwisho kaja kuhesabu vimistari alivyokuwa anachora kwenye kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi, kumi na moja, nkalipa zote. Hapo niliibiwa au vipi?*

Hujaibiwa kaka, ulikuwa unaagiza bila kufungua mdomo. Hiyo bia inaitwa Kölsch, ni ya palepale Cologne, na glasi yake ni mililita 200 tu, makusudi kabisa, kwasababu ni bia nyepesi ikikaa inakuwa ya moto na povu linakufa, kwahiyo wenyewe wanaona bora unywe kidogo kidogo ikiwa imetoka sasa hivi kuliko kukumbatia ligilasi mpaka ligeuke uji. Mhudumu wa kule wanamwita Köbes, anazunguka na sinia la duara lenye mpini juu, glasi zimechomekwa kama mayai kwenye trei, akiona yako tupu anaweka ingine, anachora mstari, anaondoka. Hakuulizi. Kimya chako ndo oda yako. Ukitosheka unachukua kile kikaratasi unafunika nacho glasi, basi, hapo kila mtu kaelewa.

Kwetu mtaani chupa tupu zinaachwa mezani mhesabu wote, kule wanahesabu mistari, mbona ni yaleyale. Afu nimepiga hesabu, glasi 11 ni lita 2.2, yaani bia zetu za nusu lita nne na kidogo. Sasa mtu wa Sinza kweli unalilia bia nne?

Ukirudi nenda baa ya Früh, iko jirani kabisa na lile kanisa kuu lao, wapo tangu 1904, ukae ndani kwenye zile meza za mbao ambazo mnachangia na watu msiojuana. Usimwagize Köbes maji peke yake, atakutania mbele za watu na hatojali umevaa suti. Na kosa kubwa kuliko yote usiombe Altbier, hiyo ni ya Düsseldorf, mji wa jirani, hawa watu wana utani wao wa miaka na miaka, ni sawa na kuingia tawi la Yanga na jezi ya Simba afu uombe kiti cha mbele.

*Lisbon walitupa mkate, mizeituni na jibini kabla ya chakula, hatukuagiza, tukala, bili ikaja na bei ya kila kimoja. (Hizi ndo zile kurasa nne. Msomaji, Tegeta)*

Wanaita couvert. Ukigusa unalipa, usipogusa hulipi, unamwambia tu mhudumu aondoe na hakuna anayenuna. Pole kwa mizeituni.

*Asalam aleykum. Nauza mapazia Kariakoo, mwezi ujao naenda Guangzhou kwa mara ya kwanza. Wenzangu wananiambia nibebe tambi za pakiti na tende za kutosha maana huko kila sufuria lina nguruwe. Ni kweli? Nisije nikarudi nimekonda wife akaniuliza nilikuwa jela gani.*

Waaleykum salaam. Tende beba za kwenye ndege, tambi ziache, utakuwa unapeleka samaki Feri.

Kuna herufi mbili ujifunze kabla hujapanda ndege, piga picha uweke kwenye simu: 清真. Zinatamkwa kama "chingjen", maana yake chakula cha Waislamu, na mara nyingi ubao unakuwa wa kijani. Vimigahawa hivyo ni vingi kuliko unavyodhani, wengi wenyewe ni Waislamu wa Kihui kutoka kaskazini magharibi, na kazi yao kubwa ni tambi za Lanzhou. Simama mlangoni kwanza utazame. Jamaa anachukua donge la unga analivuta kwa mikono miwili, analikunja, anavuta tena, nyuzi mbili zinakuwa nne, nne nane, nane kumi na sita, dakika haijaisha ana tambi za bakuli zima anazirusha kwenye maji ya moto, juu anamwagia supu ya ng'ombe, giligilani na pilipili ya mafuta. Mimi supu ya asubuhi naijua, nimeinywa Manzese nimeinywa Ilala, lakini siku ile nilirudia bakuli afu nkajifanya nimesahau simu ili nirudi tena jioni.

Ukiwa mitaa ya Xiaobei huna shida kabisa, pale wafanyabiashara wa Kiafrika na Kiarabu wamejaa, hata Kiswahili utakisikia kikilalamikia bei ya kontena. Ijumaa nenda kaswali kwenye ule msikiti ulio na kaburi ambalo kwa masimulizi ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas, ukitoka nje wachuuzi wamepanga mishikaki ya kondoo na mikate, moshi mtupu, utadhani Forodhani imehamia China.

Kazi inakuja pale mwenye kiwanda atakapokualika chai ya asubuhi, na atakualika. Kwa watu wa Guangzhou chai ni shughuli ya saa mbili tatu, ina vitafunio vidogo vidogo vya kupikwa kwa mvuke na humo ndo nguruwe alipojificha, kwahiyo mwambie mapema "chingjen", akiwa mtu wa biashara kweli atakutafutia sehemu inayokufaa. Sasa nisikilize vizuri. Chai ya kwanza ikimiminwa kwenye bakuli USINYWE. Wanaoshea vyombo. Mimi nilikunywa, tena nkasifia, mezani pakawa kimya, bosi wa watu kwa heshima zake akaosha cha kwake taratibu bila kuniangalia usoni.

Baada ya hapo mtu akikumiminia, gonga meza kidogo kwa vidole viwili, hiyo ndo asante. Wanasimulia kwamba mfalme wao Qianlong alikuwa anatembea kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake, yule akipiga magoti siri imevuja, basi akapigisha vidole magoti badala yake. Birika likiisha maji hamna haja ya kupiga kelele "dada!", acha kifuniko wazi pembeni, watakuja kuongeza.

Malipo kule ni simu tu. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat ukiwa bado Dar, siyo umefika kaunta na foleni nyuma yako.

*Shikamoo. Mume wangu anatibiwa Chennai, tutakaa kama miezi miwili. Kila mgahawa wameandika Hotel nikajua ni pa kulala. Tumechoka na mkate na ndizi. Tunakula wapi?*

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Hapo Kiswahili chenyewe kingekuokoa, si hata sisi tunasema nakula hotelini na tunamaanisha wali maharage kwa mama ntilie? Basi Chennai ni hivyohivyo, Hotel ni chakula, na ukiona Mess pia ni chakula, cha bei nafuu. Mchana agiza "meals". Unatandikiwa jani la mgomba, wali katikati, mchuzi wa dengu wanaouita sambar, mboga mboga, achari, papadi, mwisho wali wa mtindi, na unakula kwa mkono wa kulia kama uko kwako. Wanapita na ndoo wanaongeza mpaka uzuie kwa kiganja. Ukimaliza kunja jani kuja upande wako.

Kwa mgonjwa ambaye pilipili zinamshinda kuna idli, fikiria kitumbua cha mvuke kisicho na sukari, laini, hata asiye na hamu anameza mbili. Ila muulizeni daktari kuhusu chumvi. Nyama tafuta palipoandikwa "non-veg", penye "pure veg" usiulize hata yai. Na wewe mwenyewe mama usijisahau, jioni shuka ukanywe kahawa yao ya kuchuja, inakuja kwenye kikombe cha chuma kimesimama ndani ya kibakuli, unaimimina huku na huku ipoe. Mtu mwingine akija huko mwagize kilo tano za sembe, na mtafute chumba chenye jiko.

*Mambo vipi. Mimi na mchumba tunaenda Istanbul, ndege inalala Addis usiku mmoja. Tule nini? Na kuna la kuogopa?*

La kuogopa ni saa. Nitakwambia.

Kula kwanza, hapo Addis: ikiwa Jumatano au Ijumaa wengi wamefunga, Waorthodoksi wale hawagusi nyama wala maziwa wala mayai, usinung'unike, ndo siku nzuri ya kuagiza beyaynetu, injera (ule mkate wao mwembamba mlaini) moja kubwa, juu yake vilima vya dengu, kabichi, mchicha, rangi kama kanga. Siku nyingine kuna kitfo, nyama ya kusaga mbichi na samli, kama moyo mdogo sema "leb leb" waipashe kidogo. Kahawa nenda Tomoca, wapo tangu 1953, unakunywa umesimama, sawa na kwa muuza kahawa wa Kariakoo ila hakuna kashata.

Sasa saa. Mwenyeji wangu kule alinikaribisha kwake tule, nkataka kuonekana mtu wa kimataifa nkamwambia kwa Kiingereza nitakuja seven. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza ndo zinaanza, saa moja asubuhi ni saa moja. Mimi kichwani nina saa moja usiku, yeye kasikia saa saba, mchana. Nimefika nimependeza, na ua mkononi, familia nzima imenisubiri tangu saa saba, watoto wameshalala na njaa imeshapita. Mama mwenye nyumba hakusema neno. Alinikatia tonge la injera kubwa kama ngumi akanilisha kwa mkono wake, kule ni heshima wanaita gursha, halafu akakata la pili, kubwa kuliko la kwanza, na la kwanza nilikuwa bado sijalimeza.