Mtihani wa Python kwa mwanafunzi asiyeona: je, muda wa ziada unatosha?

Mwalimu mwenzangu,

Umeuliza ikiwa kumwongezea mwanafunzi wako asiyeona nusu ya muda katika mtihani wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kutatosha. Muda huo anauhitaji, kwa kuwa kisoma-skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini, humsomea msimbo wa programu mstari baada ya mstari ilhali wenzake huutazama wote kwa pamoja. Hata hivyo, hakuna muda utakaomwezesha kujibu swali lililowekwa kama picha. Mchoro wa mti wa data, yaani data iliyopangwa kwa matawi, uuandike upya kwa maneno, au katika jedwali linalotaja kila kifundo na watoto wake (vifundo vilivyo chini yake moja kwa moja), bila kufichua jibu, kazi inayodai uangalifu kuliko watungaji wengi wa mitihani wanavyodhani.

Katika Python nafasi zinazotangulia mstari hubeba maana, kwa hiyo hakikisha kwamba NVDA, kisoma-skrini kinachopatikana bure, imewekwa ili itaje nafasi hizo kwa maneno au kwa milio. Atumie kompyuta yenye mipangilio aliyoizoea, na jaribio lifanyike mapema kwenye mashine hiyo hiyo, kwani baadhi ya programu za kuzuia udanganyifu huzuia pia kisoma-skrini.

Singependekeza atafutiwe mtu wa kumwandikia majibu: kumtajia mtu asiyejua programu kila mabano na kila nukta pacha ni adhabu, na makosa ya mwandishi yatahesabiwa kuwa yake. Makubaliano yote yaandikwe na kuidhinishwa na idara kabla ya mtihani, msimamizi asiachiwe kuamua papo hapo.