Je, kila mwanasiasa aliyefungwa ni mfungwa wa kisiasa?

Mkuu, umeuliza kama kila mwanasiasa aliye gerezani ni mfungwa wa kisiasa. Hapana. Aliyeiba fedha za umma akahukumiwa kwa haki ni mwizi tu, hata awe na kadi ya chama gani. Kinachoangaliwa ni kwa nini kafungwa, na kafungwa vipi: kwa maoni yake? kwa kesi ya kubambikiwa? kwa adhabu nzito kupita kosa, kisa siasa? Kwa hiyo hata mkulima asiye na chama anaweza kuwa mfungwa wa kisiasa, huku hati ya mashtaka ikisema uchochezi au kodi. Hakuna serikali inayoandika "siasa" pale, si wajinga.

Ila usichanganye na "mfungwa wa dhamiri", jina la Amnesty International, shirika la haki za binadamu lililoanzishwa 1961. Hilo ni finyu zaidi: mtu asiwe ametumia wala kuhimiza vurugu. Mandela alipohukumiwa kifungo cha maisha 1964, Amnesty hawakumpa jina hilo, kwa sababu aliunga mkono mapambano ya silaha. Lakini nani atabisha kuwa alikuwa mfungwa wa kisiasa? Alikaa ndani miaka 27.