Bango linapocheza na macho

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu mabango ya kuhamasisha jamii. Nimechagua maswali manne.

*Fundi, kuna ile picha ukiitazama ni kombe, ukirudia ni nyuso mbili. Inakuwaje? Inafaa kwa bango la ugomvi wa wazazi? (Majengo, Moshi)*

Inafaa sana. Aliyeipa umaarufu ni Edgar Rubin, mwanasaikolojia wa Denmark, mwaka 1915. Siri ni mstari wa mpaka: jicho huupa upande mmoja tu kwa wakati. Upande ulioupata unakuwa kitu, mwingine unageuka kuwa nyuma yake.

Wewe chora baba na mama kwa ubavu, wakitazamana, rangi moja nzito. Sasa angalia ile nafasi ya katikati: humo ndimo mtoto wao atajitokeza. Mashimo ya macho yao yatampa mtoto kichwa, ncha za pua zitambana shingo, videvu vitamkata kiuno, na shingo zao zinapoachana gauni linapanuka. Usiwachoree wazazi macho wala hereni. Ukiwachorea tu, nyuso zinashinda na mtoto anapotea.

Kisha mwonyeshe mtu asiyejua ulichokusudia. Mimi nilishachora viganja viwili, katikati tone la maji safi. Mama mmoja muuza ndizi pale Kilombero akaniuliza, "Mwanangu, hicho kitunguu kinauzwaje?" Nilirudi mezani.

*Bango la kupinga vita, bila damu wala maiti, litaeleweka? (Njiro, Arusha)*

Tafuta bango la Mjapani Shigeo Fukuda la mwaka 1975, la kukumbuka miaka 30 tangu vita vya pili vya dunia viishe. Mdomo wa mzinga umekatiza kwenye uwanja wa njano, na kombora limegeuzwa: ncha yake inaelekea kwenye mzinga uleule. Hakuna mtu, hakuna tone la damu. Kitu kimoja kimegeuzwa, basi.

*Fuvu bado linafaa kwenye bango la UKIMWI?*

Hapana. Fuvu linamwambia anayeishi na virusi kwamba keshazikwa. Wasanii wa New York waliobuni utepe mwekundu mwaka 1991 hawakuweka hata sura ya mtu, na leo unatambulika hadi vijijini.

*Bango letu la kofia ngumu kwa bodaboda tuliweke barabara ya Moshi–Arusha au stendi? Na mbona lile la mwaka jana limepauka?*

Mchezo wa macho unataka mtu aliyesimama. Stendi abiria anasubiri gari lijae, ana muda wa kukodoa. Hapo weka picha yenye kitu kilichofichwa, kama ile ya kombe na nyuso. Barabarani anapita upesi, mpe kofia moja kubwa na maneno matatu.

Kupauka ni jua. Wino wa njano na ule wa waridi huchoka mapema, na nyekundu yako imetokana na hizo mbili, ndiyo maana bango limebaki na bluu. Neno kubwa liandike kwa nyeusi, na mwambie mchapaji aweke laminesheni ya kuzuia jua. Ataongeza bei. Lipa.